Breka imepasuka badala ya kukata: kutafuta chanzo pale vifaa vya jengo vinapozidiwa na shoti

Breka ya ampea 32 imeandikwa namba mbili zenye uzito sawa. Ya kwanza ni hiyo 32, na hakuna fundi asiyeisoma. Ya pili imechapwa ndani ya mstatili mdogo usoni mwa breka: 3000, 4500, 6000 au 10000. Hiyo ndiyo inayosahaulika dukani, kwenye makadirio ya bei na mara nyingine hata kwenye mchoro wa mhandisi. Namba ya kwanza inasema breka itabeba mzigo gani siku zote. Ya pili inasema shoti kubwa kiasi gani breka inaweza kuikata bila yenyewe kugeuka chanzo cha moto.

Ubaya wa kukosea namba ya pili ni kwamba kosa halijionyeshi. Breka yenye uwezo mdogo wa kukata itabeba taa, friji na viyoyozi kwa miaka bila kulalamika, na mzigo ukizidi itakata kama kawaida. Itaumbuka siku ya shoti kamili, fezi kwa fezi au fezi kwa nyutro, bila kitu cha kupunguza mkondo katikati. Ndiyo maana dalili nyingi zilizoelezwa hapa huonekana baada ya tukio, na moja, ambayo naiona muhimu kuliko zote, haionekani kwa macho hata kidogo.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Breka iliyokata kwa mlipuko, moshi au harufu ya plastiki iliyoungua usiirudishe ili tu uone kama itakaa. Zima kutoka juu, funga kwa kufuli, hakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo, ndipo ufungue bodi. Na usijaribu kamwe kuthibitisha uwezo wa breka kwa kugusanisha nyaya.

Anza na namba ya jengo lako

Kabla ya kuilaumu breka, jua jengo linaweza kupata shoti ya ukubwa gani. Hesabu ya awali haihitaji kompyuta. Nenda kwenye transfoma, soma kibati chake: kVA (ukubwa wa transfoma), volti, na asilimia ya impidansi (kizuizi chake cha ndani kwa mkondo). Transfoma ya 500 kVA kwa volti 400 hutoa ampea 722 ikiwa imejaa. Impidansi ikiwa asilimia 4, gawanya 722 kwa 0.04, unapata karibu 18,000. Hiyo ni 18 kA (kiloampea, yaani ampea elfu 18) kwenye vituo vya transfoma. Kwa njia hiyo hiyo, ya 200 kVA inatoa karibu 7.2 kA, ya 315 kVA inatoa 11.4 kA, na ya 1000 kVA yenye asilimia 5 inatoa karibu 29 kA. Hesabu hii huchukulia kwamba gridi iliyo nyuma ya transfoma ina nguvu isiyo na mwisho, kwa hiyo jibu lake huelemea upande wa usalama.

Kibati kikiwa kimefutika, kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-5 kinataja asilimia 4 kwa transfoma za hadi 630 kVA na asilimia 5 kwa za kutoka hapo hadi 1250 kVA. Hizo zinakutosha kuanzia, lakini omba namba halisi kwa TANESCO, Kenya Power au mwenye transfoma kabla ya kununua chochote.

Kinachofuata ni kebo, na hapa ndipo wengi hushangaa. Chukua ile transfoma ya 500 kVA, na bodi kuu iliyo jirani yake kabisa. Kutoka bodi kuu unavuta kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 kwenda bodi ndogo. Kebo ikiwa na urefu wa mita 40, shoti ya fezi tatu kwenye bodi ndogo inashuka hadi karibu 4.5 kA, na breka za 6000 zinatosha. Kebo ikiwa ya mita 10 tu, shoti ni karibu 11.6 kA, na hapo hata breka ya 10000 haitoshi. Kebo ni ile ile, transfoma ni ile ile, tofauti ni mita 30. Duka la chini lililopakana na chumba cha umeme liko hatarini kuliko ofisi ya ghorofa ya sita, ingawa mafundi wengi hufunga breka za aina moja jengo zima.

Ukiwa na kipimo kinachoonyesha mkondo wa shoti moja kwa moja kwa kA, kitumie, ila kwa tahadhari mbili. Kipimo hicho kwa kawaida hupima fezi na nyutro. Kwa shoti ya fezi tatu zidisha jibu mara mbili ili uwe salama. Tena, karibu na transfoma impidansi ni ndogo mno kiasi kwamba vipimo vya kawaida haviaminiki. Hapo amini hesabu ya kibati.

Dalili: breka imepasuka, imetoa moshi au ganda limefunguka

Hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Breka inapofungua viguso vyake wakati wa shoti, moto wa umeme huruka kati yake. Ndani mna vibamba vya chuma vya kuukatakata moto huo na kuupoza. Shoti ikizidi uwezo wa vibamba hivyo, moto hauzimiki, hewa ndani ya ganda hupanuka, na ganda linapasuka. Masizi meusi kwenye matundu ya kutolea gesi na vitone vya shaba iliyoyeyuka ndani ya bodi ni ushahidi.

Linganisha hesabu yako na namba iliyo kwenye breka. Shoti iliyohesabiwa ikiwa kubwa kuliko namba, umepata chanzo. Ikiwa ndogo na breka bado imepasuka, kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni breka bandia. Namba 6000 inaweza kuchapwa na yeyote. Breka nyepesi isivyo kawaida, maandishi yanayofutika kwa kidole, kukosekana kwa namba ya kiwango, na bei iliyo nusu ya bei ya wakala, vyote ni sababu za kuitilia shaka. Fungua iliyoungua: breka nyingi bandia hazina vibamba vya kutosha vya kupoza moto, na nyingine hazina kabisa.

La pili ni breka iliyochoka. Uwezo wa kukata si ahadi ya milele. MCCB (breka kubwa, za bodi kuu) za kiwango cha IEC 60947-2 huandikwa namba mbili, Icu na Ics. Icu ni shoti kubwa kabisa ambayo breka itaikata, lakini baada ya hapo haidhaminiwi kuendelea kubeba mzigo. Ics ni shoti ambayo breka itaikata na kubaki kazini. MCB (breka ndogo za kawaida) ya 10000 ya kiwango cha IEC 60898-1 inaruhusiwa kuwa na Ics ya 7500 tu. Breka iliyowahi kukata shoti karibu na kikomo chake na kurudishwa kazini ilikuwa ikisubiri shoti ya pili.

La tatu ni kusoma safu isiyo yake. MCCB moja inaweza kuandikwa 85 kA kwa volti 240 na 36 kA kwa volti 415. Ukiifunga kwenye fezi tatu, 85 hiyo haikuhusu. Vivyo hivyo MCB moja inaweza kuwa na 6000 ndani ya mstatili na 10 kA pembeni kwa kiwango cha IEC 60947-2. Kwenye bodi inayoguswa na wapangaji, wateja na wanafunzi, chukua ile ya ndani ya mstatili.

Dalili: swichi kuu ya 36 kA ipo, na breka ndogo bado imepasuka

Nakaa hapa zaidi kwa sababu imani hii imeenea, na ni ya hatari. Fundi anasema: breka za chini ni za 6 kA, sawa, lakini juu kuna MCCB ya 36 kA, itazilinda. Inaonekana ni jambo la akili, lakini fuata kinachotokea ndani ya milisekunde chache za kwanza. Shoti inapita kwenye breka zote mbili kwa wakati mmoja. MCB ndogo ni nyepesi na ya haraka, kwa hiyo inaanza kufungua kwanza. MCCB ni nzito zaidi, pengine imewekewa hata ucheleweshaji. Wakati MCCB inaanza kuitika, MCB imeshafungua na inapambana peke yake na 11 au 15 kA. Inapasuka, kisha MCCB inakata. Umeme umezimika, ndiyo, ila bodi imeshaungua.

Ulinzi wa juu kusaidia breka ya chini unakubalika kabisa. IEC 60364-4-43 inaruhusu breka yenye uwezo mdogo iwapo kifaa cha juu kina uwezo wa kutosha na nishati kinayoiachia ipite haizidi ile ambayo breka ya chini na nyaya zinaweza kuistahimili. Lakini jambo hilo haliamuliwi kwa kukisia. Huamuliwa kwa jedwali la mtengenezaji, lililotokana na majaribio ya jozi hiyo hiyo ya vifaa: modeli hii juu, modeli ile chini, jozi inahimili kA kadhaa. Breka ya kampuni moja chini ya breka ya kampuni nyingine kwa kawaida haimo kwenye jedwali lolote, na kama haimo, ihesabu kuwa haina ulinzi.

Jozi ikipatikana kwenye jedwali, andika modeli zote mbili kwenye kibandiko ndani ya mlango wa bodi. Vinginevyo, siku breka moja itakapokufa, fundi atakayekuja ataweka yoyote aliyo nayo mkobani, na ulinzi wote utakuwa umeondoka bila mtu kujua.

Jozi ya namna hii ina gharama yake: shoti kubwa kwenye duka moja inaweza kuzima MCCB ya juu pamoja na maduka yote yaliyo chini yake. Kwa maduka inavumilika. Kwa chumba cha upasuaji au mashine za oksijeni haivumiliki, na hapo nunua breka zenye uwezo kamili, kila moja peke yake.

Dalili: kitasa kiko chini lakini umeme bado unapita

Viguso vimeungana kwa joto. Hutokea breka inapokata shoti iliyo juu ya uwezo wake lakini si kwa kiasi cha kuipasua, na hutokea zaidi kwa kontakta (swichi za sumaku za kuwasha na kuzima mota) za pampu na lifti, ambazo hazikuundwa kukata shoti hata kidogo. Kontakta hutegemea fyuzi au breka iliyo juu yake. IEC 60947-4-1 inatambua viwango viwili vya uratibu: katika cha kwanza kontakta inaruhusiwa kuharibika alimradi isidhuru mtu, katika cha pili lazima iweze kuendelea na kazi, ingawa viguso vinaweza kushikana kidogo kiasi cha kubanduliwa. Pampu ya zimamoto na lifti za hospitali zinastahili hicho cha pili.

Kosa la aina hii hii hufanyika kwa vifaa vya kukata umeme unapovuja, vile vyenye kitufe cha T. Namba 6000 au 10000 iliyo juu yake, hasa ikiwa na alama ya fyuzi pembeni, ina maana kifaa kitahimili shoti hiyo iwapo tu kuna fyuzi au breka iliyotajwa na mtengenezaji mbele yake. Chenyewe hakikati shoti ya ukubwa huo. Swichi za kubadilisha kati ya gridi na jenereta nazo zina masharti hayo hayo, na hizi ndizo nadra kuangaliwa.

Dalili: basbaa zimepinda, vishikilio vimepasuka, boliti zimelegea

Hapa breka inaweza kuwa nzima kabisa. Mkondo wa shoti unapopita kwenye basbaa (vipande vya chuma vinavyogawa umeme ndani ya bodi) tatu zilizo sambamba, kila moja huisukuma au kuivuta mwenzake, na nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Bodi iliyokuwa chini ya transfoma ya 200 kVA, kwa 7.2 kA, ikihamishiwa chini ya 500 kVA, kwa 18 kA, nguvu kwenye basbaa inaongezeka zaidi ya mara sita, ingawa mkondo umeongezeka mara mbili na nusu tu. Vishikilio vya plastiki vilivyopangwa mbalimbali haviwezi kuhimili hilo.

Tafuta kwenye kibati cha bodi namba ya Icw (shoti ambayo bodi inaihimili kwa muda mfupi), kwa mfano 25 kA kwa sekunde 1, na Ipk, ambayo ni kilele cha mzunguko wa kwanza. Kwa shoti ya kati ya 10 na 20 kA, kilele huchukuliwa kuwa mara 2 ya thamani hiyo. Kibati kisipokuwepo, na bodi nyingi zinazochomelewa kwenye karakana za mitaani hazina, IEC 61439-1 inakusamehe uthibitisho wa shoti iwapo mkondo unaotarajiwa hauzidi 10 kA, au iwapo kifaa cha juu kinazuia kilele kisivuke 17 kA. Nje ya masharti hayo, bodi isiyo na kibati haina uwezo wowote unaoweza kuutaja mbele ya mkaguzi. Bodi za mtumba kutoka majengo yaliyobomolewa ziko kwenye kundi hili hata zikiwa na rangi mpya.

Kubadilisha swichi kuu peke yake kwa yenye kA kubwa zaidi hakuzitibu basbaa. Kinachoweza kusaidia ni kuweka mbele ya bodi fyuzi za HRC (fyuzi zenye uwezo mkubwa wa kukata shoti) au MCCB inayozuia kilele, kisha kuthibitisha kwenye michoro ya mtengenezaji kwamba kilele kinachopita ni kidogo kuliko Ipk ya bodi. Fyuzi za HRC zinadharauliwa siku hizi kama vitu vya zamani. Naziona ni ulinzi bora usio na gharama kubwa: nyingi hukata 80 kA au zaidi, na kwenye shoti kubwa huyeyuka kabla mkondo haujafika kileleni. Usizichanganye na fyuzi za kufunga waya zilizobaki kwenye nyumba za zamani. Hizo, hata zilizo bora, uwezo wake ni 4 kA, na hazifai karibu na transfoma yoyote ya mjini.

Dalili isiyoonekana: hakuna kilichoungua, lakini namba hazilingani

Jengo linaweza kuwa salama mwaka huu na kutokuwa salama mwaka ujao bila fundi yeyote kugusa bodi. Kariakoo, Dar es Salaam, ni mfano ulio wazi. Nyumba za chini zimepisha ghorofa za maduka, mzigo umekua, na mzigo ukikua transfoma ya mtaa hubadilishwa kwa kubwa zaidi au nyingine huletwa karibu. Mteja hufurahi kwamba volti haishuki tena jioni. Lakini shoti nayo imekua, na breka zilizofungwa enzi za transfoma ndogo hazijui hilo. Volti ikiimarika ghafla mtaani kwako, hiyo yenyewe ni sababu ya kupiga hesabu upya.

Kwenye majengo makubwa angalia zaidi swichi inayounganisha basbaa za transfoma mbili. Transfoma mbili za 1000 kVA zikifanya kazi pamoja, shoti kwenye bodi kuu hufika karibu 58 kA. Zikitenganishwa, kila upande unabaki na 29. Kama jengo halina ulazima wa kuziunganisha, ifungue swichi hiyo na uweke kufuli za kuzuia hiyo na swichi kuu mbili za transfoma, zote tatu, zisiwashwe kwa pamoja. Hakuna tiba ya bei nafuu kuliko hii, na mara nyingi hakuna kifaa cha kununua zaidi ya kufuli.

Mota kubwa za viyoyozi na pampu nazo huchangia shoti kwa mizunguko michache ya kwanza, takriban mara nne hadi sita ya mkondo wake wa kawaida. Kwa duka ni kitu kidogo. Kwa hoteli yenye mashine kubwa za kupoza hewa, iongeze kwenye hesabu.

Jenereta ikifanya kazi peke yake, tatizo hugeuka. Jenereta ya 500 kVA hutoa shoti ndogo sana kuliko transfoma ya ukubwa huo, na mkondo huo hufifia haraka. Breka haitapasuka, ila inaweza kuchelewa kukata huku kebo ikiungua. Kwa hiyo uwezo wa kukata uhesabu kwa gridi, na mpangilio wa kukata haraka uhesabu kwa jenereta. Zikiwa zinaunganishwa sambamba, jumlisha shoti za zote mbili.

Kuchagua tiba

Anza na hesabu sahihi ya kebo, kwa kutumia ukinzani wa nyaya zikiwa za baridi, nyuzi 20, kwa sababu hapo ndipo shoti huwa kubwa zaidi. Bodi kadhaa zitajitoa kwenye orodha kwa urefu wa kebo tu. Zinazobaki, nyingi zitakuwa zile za karibu na chumba cha umeme. Hizo zibadilishie breka, au uzitafutie jozi kwenye jedwali, au uziwekee fyuzi za HRC mbele. Kurefusha kebo kwa makusudi ili kupunguza shoti kunafanya kazi kwenye karatasi, lakini siipendekezi: unapoteza volti kila siku, na siku moja mtu ataifupisha.

Breka mpya ikishafungwa, kebo nayo ihakikiwe. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 yenye ganda la PVC, ikipitisha 11.6 kA, inahimili kwa takriban milisekunde 25. MCCB ya juu ikicheleweshwa zaidi ya hapo ili isizimike ovyo, umeiokoa breka na kuichoma kebo. Kisha pima mega (ukinzani wa ganda la nyaya) kwa volti 500 kila mzunguko ulioguswa na shoti. Chini ya megaohm 1 usiwashe.

Mwisho, kwenye mlango wa bodi kuu bandika karatasi iliyolaminishwa: kVA na asilimia ya transfoma iliyotumika kwenye hesabu, shoti iliyopatikana kwa kA, tarehe, na namba ya leseni yako. Fundi atakayekuta transfoma nyingine nje ataona mara moja kwamba hesabu hiyo haifai tena.